Magoti ya Dora

Karatasi zinapotoka kwenye mashine ya kutolea kopi zikiwa bado za moto, zina harufu yake, kama vumbi lililopigwa pasi. Kazini kwangu mashine hiyo iko nyuma ya kiti changu, na siku nyingi hata siisikii. Lakini zipo asubuhi ambazo harufu ile hunijia ghafla, viganja vikapoa, na kabla sijajua kwa nini nimesharudi ghorofa ya pili ya shule moja ya binafsi hapa Doha, nina miaka kumi na miwili, na Miss Latha anapita katikati ya madawati akitugawia tamthilia.

Niwaeleze kwanza nilivyofika kwenye dawati lile, maana si kila mtoto wa kwetu aliipata bahati hiyo. Waswahili hapa ni wengi, wako hotelini, kwenye ulinzi, majumbani mwa watu, nyuma ya usukani. Watoto wao wengi, hata hivyo, wanalelewa na bibi zao huko Tanga au Mombasa au Unguja, na wazazi wanawajua kwa sauti ya simu. Baba yangu alikuwa mpishi katika hoteli kubwa. Alianza kwa kumenya vitunguu, akapanda polepole hadi akavishwa kofia ndefu, na cheo kile ndicho kilichompa ruhusa ya kutuleta mama na mimi. Tulikaa Muaither, kwenye jumba lililokatwakatwa vyumba hata jiko letu likawa ndani ya kile kilichokuwa stoo ya mwenye nyumba. Mama alishona. Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya kiyoyozi, na vipande vya vitambaa vilitufuata hadi kitandani.

Jina langu ni Sauda. Baba alinipa jina hilo kwa heshima ya Mama wa Waumini, na kule Tanga hakuna aliyewahi kulicheka. Lakini darasani kwetu nusu ya watoto walizungumza Kiarabu nyumbani kwao, na masikioni mwao jina langu lilikaribiana mno na neno la kumwita mwanamke mweusi. Siku ya kwanza kabisa, Rania alisema kwamba wazazi wangu walikuwa watu wakweli, wameona rangi wakaandika jina. Darasa likacheka. Nami nikacheka, maana mgeni huchekea hata asichokielewa. Baba alinieleza jioni ile kwamba hata maandishi ya maneno hayo mawili ni tofauti, akanichorea kwa kidole juu ya unga wa chapati. Nilipokwenda kuwaeleza wenzangu tofauti hiyo, walicheka zaidi.

Rania alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti nzuri ya kusomea, na alijua kwamba ni nzuri. Sitasema alikuwa mbaya. Aliwahi kunigawia nusu ya sambusa yake. Aliwahi pia kuzishika nywele zangu mbele ya watu, akazibonyeza kama mtu anayeangalia mkate umeiva au bado, kisha akafuta vidole kwenye sketi yake. Yote mawili aliyafanya kwa uso uleule, na hilo ndilo lililonichanganya.

Mweusi mwingine darasani alikuwa Brian, Mkenya, ambaye baba yake alikuwa msimamizi wa walinzi kwenye majengo ya ofisi. Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko, familia yao nzima ilikwenda kanisani Mesaimeer, na Jumapili tukirudi shuleni alinisimulia nani aliimba vibaya. Brian alijikinga na dunia kwa mzaha. Mimi nilijikinga kwa kupata alama nzuri.

Miss Latha alitufundisha Kiingereza. Alikuwa Mhindi wa kusini, mfupi, mweusi kuliko hata baba yangu, na alifunga nywele zake kwa kibanio cha plastiki kilichovunjika jino. Hakupandisha sauti. Ukifanya kosa alikutazama tu mpaka kosa likaanza kukuwasha.

Tamthilia yenyewe ilikuwa fupi. Ndani ya nyumba ya kupanga, katika mji usiotajwa jina, tajiri mmoja aitwaye Madam Perel anapoteza pete yake. Wapangaji wote wanakusanyika ukumbini. Hakuna anayesema nani amechukua, ila macho yao yote yanakwenda kwa Dora, dobi, ambaye ni mtu mweusi pekee mle ndani. Kapu lake la nguo linamwagwa sakafuni. Madam Perel anamwamuru apige magoti aape. Dora anapiga magoti. Kisha pete inaonekana ndani ya glavu ya Madam mwenyewe, watu wote wanacheka kwa nafuu, Dora anasema asante, anaokota nguo zake na kutoka. Pazia linafungwa. Tulitakiwa kuisoma, kuijadili, halafu kuiigiza mbele ya wazazi mwisho wa muhula.

Miss Latha alipoanza kugawa nafasi, alimpa Rania nafasi ya Madam Perel. Kisha akasema, "Sauda, Dora," na hakuinua hata macho kutoka kwenye karatasi. Wala mimi sikushangaa. Nilikuwa nimeshaanza kupigia mstari maneno ya Dora kabla jina langu halijatajwa. Brian alipewa nafasi ya mlinzi wa mlangoni.

"Mbuyu wangu ni soja, na mimi nimepewa soja," alininong'oneza, akimaanisha baba yake. "Hii shule inajua talanta."

Nilicheka, na kwa kweli nilifurahi. Dora ndiye aliyekuwa na maneno mengi ya kugusa moyo. Nilijiona nimepewa nafasi ya mbele.

Tulipoisoma kwa sauti mara ya kwanza, Rania alisoma vizuri sana. Alifika mahali Madam anapomwamuru Dora apige magoti, akasoma amri ile kama ilivyoandikwa, halafu akaongeza neno moja la Kiarabu ambalo halikuwamo. Neno hilo maana yake ni mtumwa, mtumwa wa kike. Alilitamka kwa wepesi, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye chakula kilichokwisha kuiva. Waliojua Kiarabu waliangua kicheko, na wasiojua wakacheka kwa kufuata. Brian hakucheka. Miss Latha, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha kuulizia bei ya samaki, aliinua kichwa akatutazama mmoja mmoja. Akaniuliza kama niko sawa. Nikajibu niko sawa, nikasoma mstari wangu uliofuata. Masikio yalikuwa yakiniungua, lakini sauti haikutetemeka, na nilijivunia hilo.

Sikumwambia mtu nyumbani. Siku chache baadaye, alasiri, nilikuwa sebuleni nikifanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati. Mama alikuwa akipiga pasi gauni la mteja. Nilikuwa nimegundua kwamba ukipiga magoti taratibu, ukiinamisha shingo kidogo, unaonekana wa kuhurumiwa zaidi. Nikapiga magoti, nikajitazama kwenye kioo, nikatabasamu kwa jinsi ilivyopendeza.

"Unafanya nini?" mama aliuliza.

Nikamweleza tamthilia nzima, kwa furaha, nikiwa bado nimepiga magoti. Nilimwambia kuhusu pete na kapu, hata neno la Rania nilijikuta nimelisema, kwa sababu lilikuwa limeshaingia kwenye masimulizi na sikujua kuliruka. Harufu ya kitambaa kinachotaka kuungua ilinifikia kabla sijamaliza. Mama aliinua pasi. Kwenye gauni la mteja palikuwa na alama ya kahawia, na kwa fundi kama yeye hilo halikuwa jambo la kawaida.

"Inuka," alisema.

Alilisema polepole, na mimi niliinuka haraka kuliko nilivyowahi kuinuka kwa kelele yoyote. Jioni baba aliporudi nilisikia wakizungumza jikoni. Baba alimwambia ni mchezo wa watoto, na kwamba mtu akikaa nchi ya watu asitafute maneno na shule ya watu. Mama akajibu kwamba hatafuti maneno, anakwenda kuuliza swali moja tu.

Alikuja shuleni baada ya vipindi, amevaa buibui lake zuri. Miss Latha alitukaribisha darasani, akavuta viti vya wanafunzi, tukakaa watu watatu tukiwa tumekunja miguu kwenye viti vidogo. Alimwambia mama kwa Kiingereza cha taratibu kwamba amefurahi kumwona. Mama akanigeukia mimi.

"Tafsiri," alisema. "Usiongeze, usipunguze."

Niliwahi kutafsiri mambo ya daktari wa meno na ya fundi wa kiyoyozi, kwa hiyo sikuona ugeni. Mama alianza kwa kumshukuru mwalimu kwa kunifundisha. Nikatafsiri. Kisha akauliza huyo Dora hufanya nini pete ikishaonekana. Miss Latha akajibu kwamba Dora anashukuru, anaokota nguo zake, anatoka.

"Na wale wengine?"

"Wanacheka. Wamefurahi pete imepatikana."

Mama alikuwa anatazama ramani ya dunia ukutani, si mwalimu, wala si mimi.

"Mwambie mimi nimeshakuwa Dora."

Nikasema hivyo. Miss Latha alitabasamu kwa adabu. Alidhani mama aliwahi kuigiza, akauliza ilikuwa wapi.

"Umm Salal," mama akajibu. Ni nje kidogo ya Doha.

Nilijua kwamba mama aliwahi kufanya kazi huku kabla hajaolewa. Nililijua kama mtu anavyojua kwamba babu yake alikuwa na baiskeli. Sikuwahi kuuliza zaidi. Sasa alikuwa anaongea kipande kwa kipande, akiniachia nafasi baada ya kila kipande, na mimi nikawa naokota na kupeleka.

Alisema nyumba ile walikuwa wasichana watatu wa kazi, na yeye ndiye pekee aliyetoka Afrika. Siku moja wageni walijaa, na walipoondoka bangili ya mama mwenye nyumba haikuonekana. Wenzake wawili waliulizwa kama wameiona. Yeye hakuulizwa. Yeye aliitwa chumbani.

"Wakanivua nguo," mama alisema.

Kwa Kiingereza ni maneno machache, ya mtoto wa darasa la kwanza, na nilikuwa nayajua yote. Midomo haikutaka kufunguka. Kiyoyozi cha darasa kilikuwa kinaguruma, na mtu alikuwa anapiga deki kwenye korido, ndoo ikisogezwa, ikisimama, ikisogezwa.

"Sema," mama alisema, bado anatazama ramani.

Nikasema. Miss Latha aliinuka, akaenda kuufunga mlango, akarudi kukaa.

"Wakapekua godoro. Wakapekua mkoba. Nilikuwa nimesukwa na mwenzangu siku ile ile, wakazifumua nywele zangu zote, mstari kwa mstari, kutafuta bangili. Hawakuipata."

Nikatafsiri. Nilipofika kwenye nywele, nilihisi vidole vya Rania kichwani kwangu, nikashindwa kumtazama mtu.

"Bangili ilionekana. Sijui lini, wala sijui wapi, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Niliiona tu mkononi mwake siku ya Idi, nilipompelekea kahawa. Mwambie nilimpa kahawa. Mwambie ilikuwa ya moto vizuri."

Nilipomaliza, Miss Latha hakusema pole. Nimemshukuru kwa hilo tangu hapo, maana pole ingekuwa imefunga mazungumzo. Alikaa akiuchezea mwisho wa shali yake. Kisha akasema, naye akiniachia nafasi ya kutafsiri, kwamba alipokuwa msichana shangazi zake walimpaka manjano usoni kila jioni ili aolewe, na kwamba katika shule aliyofundisha kabla ya hii wazazi walimwona siku ya kwanza wakauliza kama hakuna mwalimu mwingine.

"Nilichagua tamthilia hii kwa sababu nilidhani naijua," alisema. "Na bado nilimpa Sauda nafasi ya Dora bila kufikiri hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha. Mwambie mama nitampa mtu mwingine."

Mama akatikisa kichwa. "Asinyang'anywe. Anasoma vizuri. Aigize." Alikuwa ameshasimama, anajiweka sawa mtandio. "Ila asipige magoti. Na asishukuru."

Kwenye teksi nilikuwa na maswali yamenijaa kifuani, lakini mama aligeukia dirishani, na mgongo wake uliniambia kwamba alichotaka kusema amekwisha kukisema.

Kipindi kilichofuata Miss Latha alifunga mlango wa darasa kabla ya salamu. Akatuuliza swali moja: kwa nini sote, yeye mwenyewe akiwemo, tulijua kwamba Dora atakuwa Sauda.

"Kwa sababu Dora ni mweusi, Miss," Rania akajibu, kama mtu aliyeulizwa rangi ya maziwa.

"Vizuri. Na mlinzi? Nitafutieni mahali palipoandikwa kwamba mlinzi ni mweusi."

Tulifunua kurasa. Chumba kizima kilikuwa mlio wa karatasi. Wengine walirudi mwanzo wakatafuta tena, na kila mmoja alivyozidi kutopata ndivyo kimya kilivyozidi kuwa kizito. Brian alikuwa wa mwisho kuinua kichwa. Hakuwa na mzaha wowote usoni. Nadhani hata yeye alikuwa na hakika kwamba pameandikwa.

"Hakuna," Miss Latha alisema. "Ni mimi niliyeandika, kichwani mwangu. Sasa jambo la pili. Rania, wiki iliyopita uliongeza neno. Soma tena, pamoja na neno lako."

Rania alisimama. Akasoma hadi kwenye amri ya magoti, akakoma. Miss Latha alimtazama kwa ule utazamaji wake. Rania alisema ni neno tu, kila mtu hulisema, bibi yake hulisema na bibi yake ni mcha Mungu. Mwalimu akamwambia kwamba hamuulizi bibi. Anauliza neno lile limetoka wapi, maana kwenye karatasi halimo.

Shingo ya Rania ilipanda wekundu hadi masikioni. Nilikuwa nimeota kumwona hivyo tangu siku ile ya kwanza, na sasa nilipomwona sikupata utamu wowote. Nilitaka tu kengele ilie. Miss Latha alimpa karatasi ya Dora, akachukua yeye mwenyewe ya Madam, akamwambia waisome pamoja. Rania alisoma Dora. Sauti yake nzuri ilikuwa nyembamba kama uzi. Alipoambiwa apige magoti, alitazama sakafu, akatutazama sisi, na akasema kwa sauti ndogo kwamba hataki, sakafu ni chafu. Hakuna aliyecheka. Mwalimu hakumlazimisha. Alimwambia tu akae, na kwamba Dora hakuwa na nafasi ya kusema hivyo.

Baada ya kipindi aliniita. Alikuwa amemwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kubadili onyesho lile, na mwalimu mkuu amekataa. Tamthilia ilishaidhinishwa, na wazazi walishaarifiwa. Hakuna neno la kuongezwa wala kupunguzwa.

"Siwezi kukuamuru usipige magoti," aliniambia. "Nitakuwa pembeni ya pazia. Sitafanya kitu chochote. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Uamuzi aliniachia mimi.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Baba alikuwa kazini. Mama alikaa nyuma, mahali nilipoweza kuuona mtandio wake wa zambarau kati ya vichwa vya watu. Tulianza vizuri. Watu walicheka mahali pa kuchekea. Pete ikapotea, wapangaji wakakusanyika, macho yakanigeukia kama tulivyofanya mazoezi. Katika mazoezi nilikuwa napiga magoti kama kawaida. Miss Latha hakuwahi kusema lolote, na mimi sikuwahi kumwambia mtu. Kapu langu likamwagwa. Shuka na mashati yakatapakaa jukwaani, na Rania, amevaa glavu nyeupe za mama yake, akaninyooshea kidole.

"Piga magoti."

Nikasimama.

Alisubiri. Alidhani nimesahau. Akasogea hatua, akarudia kwa sauti ya kunikumbusha. Nikabaki nimesimama, mikono imening'inia, nikiziona nyuzi za shati moja lililokuwa miguuni pangu. Ukumbini mtu alikohoa. Mwanamume mmoja mstari wa mbele akamnong'oneza mwenzake, wakacheka kidogo, wakanyamaza walipoona hakuna mwingine anayecheka. Niliangalia pembeni ya pazia. Miss Latha alikuwa pale, ameshika karatasi kifuani, na alifanya kama alivyoahidi.

Mara ya tatu Rania hakusema kwa sauti ya Madam Perel. Alisema chini chini, ili mimi tu nisikie: "Sauda, tafadhali."

Nikamtazama machoni. Sikuwa na hasira naye wakati ule, na sikuwa na huruma. Nilikuwa nawaza nywele zinavyofumuliwa mstari kwa mstari na mtu anayetafuta bangili. Nikatikisa kichwa.

Sijui tulisimama hivyo kwa muda gani. Watu wameniambia kwamba ilikuwa dakika nzima, wengine kwamba haikufika hata nusu. Rania ndiye aliyekwepesha macho kwanza. Akaruka mstari, akaenda kwenye kiapo, na sauti ikamkatika katikati. Nikaapa nikiwa nimesimama. Pete ikaonekana ndani ya glavu. Wapangaji wakaanza kicheko chao cha nafuu kama kilivyoandikwa, lakini kilitoka vipande vipande, mmoja akicheka mwingine ameacha, mpaka kikafa chenyewe na tukabaki tunatazamana.

Mstari wangu wa asante ulikuwa umefika. Niliinama, nikaokota nguo zote, nikachukua muda wangu, nikalibeba kapu. Sikusema kitu. Nikaelekea kwenye mlango wetu wa mbao za maboksi, na hapo Brian, ambaye kwenye maandishi alitakiwa kusimama tu kama kisiki, akaufungua mlango ule kwa heshima zote, akakaza visigino, akanipigia saluti. Ukumbi ulicheka, kicheko cha kweli sasa, kisha makofi yakaanza mahali fulani nyuma.

Hayakuwa makofi ya wote. Mwalimu mkuu alimwita Miss Latha siku ile ile, na nilisikia wazazi kadhaa walilalamika kwamba watoto wamefundishwa utovu wa nidhamu mbele ya wageni. Alimaliza mwaka, kisha akaenda shule nyingine. Kama ni kwa sababu yetu au hapana, hakutuambia, na sisi hatukujua namna ya kuuliza. Rania hakuwa rafiki yangu. Lakini hakuzishika tena nywele zangu, na neno lile sikulisikia tena kinywani mwake. Kabla ya kufunga shule alinijia kwenye bomba la maji akasema, bila kunitazama, kwamba kwao yuko dada wa kazi kutoka Kenya, amekaa nao tangu yeye mdogo, na kwamba jana ndipo alipomuuliza jina lake kamili. Akanywa maji, akaondoka. Mama, siku ile ya maonyesho tukirudi kwa teksi, alinishika goti, akaliachia, akasema nimesimama vizuri.

Miaka mingi nilidhani nimeielewa siku ile. Nilidhani ni habari ya Rania, au ya Miss Latha, au ya ujasiri wangu, ambao nimewahi kuusimulia kwa watu na kuuongeza chumvi kidogo. Kitu kimoja tu hakikukaa sawa, nacho kilinichukua muda kukiona. Mama alikuwa anajua Kiingereza. Hakikuwa cha vitabuni, lakini alibishana nacho na wateja kuhusu mikunjo na bitana, na wateja walishindwa. Miss Latha alizungumza naye taratibu. Hakukuwa na haja ya mkalimani.

Msimu wa baridi uliopita tulikuwa tunarudi kutoka soko la mboga la mashambani, Umm Salal, mimi nikiendesha, yeye ameupakata mchicha kama mtoto. Hakunionyesha nyumba yoyote, nami sikuuliza ilikuwa ipi. Nilimuuliza tu kwa nini siku ile alitaka mimi nitafsiri.

Alisubiri tuvuke taa.

"Yule mwalimu ningemwambia mwenyewe," alisema. "Lakini nilikuwa nimekuona pale sebuleni umepiga magoti, unatabasamu. Nikajua ni lazima ujue. Sasa mtu anamwambiaje mwanawe jambo kama lile, Sauda? Anaanzia wapi?"

Binti yangu anaingia darasa la kwanza mwaka huu, hapa hapa Doha, na juzi aliniuliza kwa nini wenzake wanapenda kuzibonyeza nywele zake. Nimemwambia kwamba nitamweleza. Bado sijamweleza. Nimeanza na ninyi.